Ua la Jioni, Saa Saba Mchana

Wadau, leo nimejiaibisha mbele ya baba mkwe mtarajiwa. Nimeoga mara mbili tangu nirudi nyumbani na aibu bado haijatoka.

Kwa wale wageni humu: mchumba wangu ni Mwende, nesi, anakaa Garland. Baba yake, Mzee Mutiso, alifundisha biolojia Machakos mpaka akastaafu. Amekuja Texas wiki tatu kumwona binti yake na (tusidanganyane) kunikagua mimi. Krismasi iliyopita, tulipoongea kwa simu mara ya kwanza, aliniuliza, "Kijana, ukitoka kazini unafanya nini?"

Ukweli ni kwamba ninalala. Lakini mbele yangu ukutani palikuwa na kalenda ya maua.

"Baba, mimi hupenda kutafuta maua ya porini. Hasa evening primrose."

Nilikuwa nasoma kalenda neno kwa neno! Mzee akasema, "Vizuri sana." Nikajiona mjanja.

Sasa leo nimekaa sebuleni kwa Mwende nakunywa chai, nikaona mzee anatoka chumbani na kofia, koti, na kioo cha kukuzia kimening'inia shingoni.

"Haya, Ochieng'. Nipeleke nikalione hilo ua lako."

Chai ikanipalia.

Bahati nilikuwa nimejihami. Juzi nili-print kurasa kadhaa ofisini, na maelezo yalisema ua hili ni mwenyeji wa huku na hupenda sehemu kavu, wazi, zenye mawe ya chokaa. Tatizo ni kwamba printa ya ofisi haina wino wa rangi. Nilikuwa na picha sita za maua, yote kijivu.

Tukapanda Corolla yangu, Mwende nyuma na chupa ya chai na viti vya kukunja, tukaenda mpaka ng'ambo ya Fort Worth, kwenye uwanda mmoja ulio wazi kwa umma. Nyasi fupi, mawe meupe, hakuna kivuli hata cha kuweka mguu. Tulifika saa saba mchana. (Ndiyo. Kutafuta ua la jioni. Jina lenyewe halikunishtua!)

Nikatembea mbele kama mwenye shamba. Mara nikaona maua ya njano yamejaa.

"Ndiyo haya, Baba!"

Mzee akapiga goti, akaweka kioo jichoni. "Lina petali ngapi?"

"Nne." (Kwenye karatasi iliandikwa nne.)

"Hesabu."

Nikahesabu. Nikafika kumi na mbili. Nikaanza upya nikidhani nimekosea. Kumi na mbili tena.

"Hili ni jamaa ya alizeti," mzee akasema, akajipangusa goti taratibu. Mwende akakohoa.

Hatua chache mbele kulikuwa na maua ya rangi ya waridi, mengi sana, mepesi kama karatasi. Mzee akasimama hapo. "Na haya?"

Hapo ndipo kiherehere kiliponizidi. "Hayo ni magugu tu, Baba. Yanaota hata kando ya barabara kuu. Hayana hata harufu." Na ili kuthibitisha, nikachuma moja, nikalikandamiza puani na kuvuta pumzi kwa nguvu. Nikalitupa. "Si unaona? Hakuna kitu."

Mzee akanitazama usoni muda mrefu. Mwende akageuka, mabega yanamtikisika. Nikadhani ni upepo umemwingia machoni.

Kufika kwenye mawe, tukakutana na wazee kama wanane wa Kimarekani wenye fimbo, wanaongozwa na mama mmoja mwenye kofia pana. Akatusalimu, akauliza kama tumeona chochote cha maana. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kurudisha heshima yangu. Nikawakusanya! Nikaonyesha chini, kwenye vijimea vyenye maua yaliyonyauka, ya rangi ya machungwa, yamejikunja kama tishu iliyotumika.

"Hii ndiyo evening primrose," nikawatangazia kwa Kiingereza changu cha interview. "Kwa bahati mbaya, mwaka huu yamekufa yote. Ukame. Inasikitisha sana."

Wote wananitazama, lakini macho yao hayako kwenye macho yangu, yako chini kidogo.

Yule mama akasema kwa upole, "Mwanangu, hayajakufa. Hayo yalichanua jana. Ya leo bado ni vitumba, yatafunguka jua likishuka." Akaongeza, "Na ndugu yake umembeba puani."

Akatoa kioo kidogo cha mkobani. Wadau! Pua yangu yote ilikuwa njano kwa chavua ya lile ua, mpaka mdomo wa juu. Kumbe yale "magugu" ya rangi ya waridi nayo ni evening primrose, ila hayo hushinda wazi mchana. Kumbe watoto wa huku huchezeana nayo: unamwambia mwenzio anuse, anapakwa. Mchezo wa watoto wa chekechea. Nimeucheza peke yangu, nikajishinda, kisha nikatoa mhadhara.

Wale wazee walicheka mpaka mmoja akaegemea fimbo. Mwende alikuwa ameshakaa chini.

"Baba, ulijua?" nikamuuliza mzee.

"Petali nne, stameni nane, na katikati kuna alama kama msalaba. Nilijua tangu ulipoliinua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kuona utafika wapi."

Nikataka kurudi nyumbani. Mzee akakataa, akafungua kiti, akakaa mbele ya vitumba. Tulikaa saa nyingi, tukahamahama kwenda garini kupoa. Nikamwungamia yote: kalenda, printa, usingizi. Jua liliposhuka, akanishika mkono ghafla. "Angalia."

Kitumba kimoja kikatikisika. Kikapasuka ubavuni, petali zikajisukuma nje, na ua kubwa la njano kama kisahani likafunguka mbele ya macho yetu. Kisha la pili. Kisha kote. Mzee akavua kofia. Miaka yote amefundisha maua, akasema, hajawahi kuona moja likifunguka hivyo mbele yake.

Njiani kurudi akaniambia, "Ochieng', biolojia hujui hata kidogo. Na uongo pia hujui. Hilo la pili limenifurahisha."

Mwende ameshatuma picha ya pua kwa ukoo mzima wa Machakos. Kwa hiyo atakayecheka humu, namwondoa kwenye kamati ya harusi.