Mkia Haujainuka

Jumatatu, 8 Januari
Zin Ko amesema tena. Pomboo wa mto wetu wasipokuja kwenye mtumbwi wake kabla ya mwezi mpevu, anakwenda kaskazini machimboni, kuchimba mawe ya kijani. Kule mlima unameza vijana kama mimi ninavyomeza wali! Mwaka jana wawili wa kijiji hiki. Hata ndara zao hazikurudi.
Nimemwambia mwanangu, ngoja. Akasema amengoja tangu baba yake afe, masika mawili sasa. Kweli. Mkia-Kombo alikuwa pomboo wetu. Marehemu akigonga ubavu wa mtumbwi kwa kijiti, yule mama anakuja na wenzake, wanawazunguka samaki na kuwasukuma mpaka miguuni pake. Siku hizi anakwenda kwa jirani, Ba Thwin. Kila siku! Na mkewe, Daw Hnin, anapita mlangoni kwangu na kapu limejaa, anauliza leo tumepika nini. Anajua. Maharage.

Jumanne, 9
Nimegundua! Ni kijiti. Pomboo anafuata mlio wa kijiti cha Ba Thwin, si Ba Thwin. Uso ule nani aufuate?
Nimekwenda kwao kuomba chumvi. Nimetoka na chumvi na kijiti, kimelala ndani ya nguo niliyojifunga. Mahali pake nimeacha mwiko wangu wa wali, unafanana nacho. Mwanangu alizaliwa Jumanne. Siku njema.

Jumatano, 10
Ba Thwin amegonga kwa mwiko wa wali. Wamekuja watano!
Zin Ko amegonga kwa kijiti cha wizi mpaka adhuhuri. Amekuja bata.
Jioni Daw Hnin amenirudishia mwiko. Ameuosha kabisa. Hakutukana. Ameuliza tu, Mama Zin Ko, chumvi ilitosha?

Alhamisi, 11
Nimenunua samaki kwa Daw Hnin (uchungu wake!) nikawamwaga mtoni, pomboo aonje ukarimu wetu. Wameliwa na korongo.
Zin Ko amenigombeza. Amesema pomboo si ombaomba, mama, ni mwenzako kazini. Anakuletea samaki, unarusha wavu, wanaoponyoka ndiyo sehemu yake. Ba Thwin alikuwa anapita, amecheka, amesema huyo ni marehemu mtupu anayezungumza, kesho aje avue karibu naye. Mtu mwema sana. Nimezidi kumchukia.

Ijumaa, 12
Ba Thwin alimwambia Zin Ko: gonga, kisha ungoje mkia. Pomboo akiinua mkia juu ya maji, hapo ndipo urushe. Kabla ya mkia, hata kidole usiinue. Mimi akaniambia nibaki nyumbani. Nikabaki nyuma ya matete.
Mkia-Kombo alikuja. Kwa mwanangu! Alimpita Ba Thwin akamjia mwanangu, na mtoto wake ubavuni. Samaki wakaruka kama bisi kikaangoni. Zin Ko kasimama na wavu begani, miguu ya baba yake ileile. Anangoja. Bado anangoja. Samaki watakimbia jamani! Nikapiga kelele, rusha mwanangu, rusha!
Miaka ishirini na miwili ananitii. Akatii.
Wavu ukamfunika mtoto wa pomboo. Mama yake akaupiga mtumbwi, mwanangu akaanguka majini. Walimtoa yule mtoto kwa kukata wavu. Mzima, ila ana alama. Pomboo wote wakaondoka.
Ba Thwin alisema neno moja tu: mkia ulikuwa haujainuka.

Jumatano, 17
Siku ya tano, mto mtupu. Kijiji kizima maharage. Nimepita mlangoni kwa Daw Hnin, nikataka kuuliza amepika nini. Nimeongeza mwendo.
Zin Ko amefunga mzigo. Hakunilaumu. Bora angenilaumu. Nilificha viatu vyake kwenye mtungi wa mchele asiende. Ameondoka na ndara za Ba Thwin.

Jumapili, 18 Februari
Pomboo wamerudi wiki iliyopita, na yule mtoto mwenye alama. Ba Thwin anasema Mkia-Kombo kila asubuhi anazunguka mahali ulipofungwa mtumbwi wetu. Nilikwenda kuona. Sikukaa.
Leo Zin Ko amepiga kwenye simu ya Daw Hnin. Amekonda, nimesikia kwa sauti. Amesema machimbo si mahali pa mtu, anafikiria kurudi, ila aamue mwenyewe. Mama, usifanye chochote. Nipe mpaka mwezi mpevu. Ba Thwin akasema mwache, atageuka arudi. Nikaapa mbele ya Buddha, mishumaa mitatu.

Jumatatu, 19
Mwezi mpevu bado siku kumi na moja! Moyo gani unaweza?
Nimeazima simu. Nimemwambia mwanangu ini limeoza, ninakufa, aje haraka.
Amelia. Amesema basi, hawezi kurudi mikono mitupu. Anaingia shimo la chini, lenye malipo mazuri, mpaka apate pesa za daktari wangu. Mwaka, pengine miwili.
Daw Hnin alisikia yote. Alinishika bega. Akaniambia nimpigie sasa hivi, nimwambie ukweli.
Ukweli! Atakasirika, ndipo asirudi kabisa. Hapana, nimepata njia. Kesho Daw Hnin atampigia amwambie nimeshakufa. Mazishini lazima aje.