Honorable Hasikii Neno Benki

Jumatatu, 9 Juni 2025. Hombo
Benki za Goma bado zimefungwa tangu vita viingie mjini. Akiba yetu yote imo ndani. Dukani kwa mke wangu Godelieve zimebaki sabuni na viberiti tu. Nimepanda kilimani penye mtandao kumpigia Honorable Athanase, mbunge wetu aliye Kinshasa. Msaidizi wake amesema Honorable yuko kikaoni. Nimeuliza kama kikao kinahusu benki. Amekata simu. Nimeshuka nikitukana miti.

Jumanne, 10 Juni
Nimepata akili! Nimepiga kwa simu ya shemeji, nikajiita patron wa comptoir, nyumba ya kununua madini. Honorable mwenyewe akaja kwenye simu kabla sijakohoa. Akaniita kaka mupenzi, akauliza mawe yangu iko ya rangi gani. Nikasema meusi, mazito. Akafurahi. Ndipo nikamuuliza habari ya benki. Akadai mtandao umeharibika, hanisikii. Nikarudi kwenye mawe, akasikia. Nikataja benki, hakusikia. Nikataja mawe, akasikia vizuri kabisa. Tukaendelea hivyo mpaka unité za shemeji, yaani salio la simu, zikaisha. Nimekasirika hata fufu nimeiacha sahanini. Shemeji naye hasemi nami.

Alhamisi, 12 Juni
Sauti ya Honorable iliyorekodiwa inazunguka kwenye simu za watu wote. Anasema anaumia pamoja nasi. Anaomba subira. Ameunda comité, kamati ya kufuatilia crise hii ya benki, na président wake ni Viateur. Viateur! Muuza mawese wa ng'ambo ya barabara, ambaye vipimo vyake vya kupunja vinajulikana mpaka Bukavu.

Jioni Godelieve ameuza mashini yake ya kushona, ile aliyotoka nayo kwa baba yake, ili anunue chumvi ya duka. Imeondoka imefungwa nyuma ya pikipiki. Hakulia. Alipangusa meza ilipokuwa imekaa, akaweka chumvi pale. Sikuweza kumtazama. Nimeapa Honorable atasikia mdomo wangu, hata kama ni mbele ya watu wote.

Jumamosi, 14 Juni
Mkutano wa comité, kwenye salle, ukumbi wa parokia. Viateur, ndani ya koti jipya, ameshika simu juu ili sote tumsikie Honorable. Subira, subira, subira. Nikasimama. Sauti ikatoka.

"Honorable, bibi yangu ameuzisha mashini yake juu ya chumvi. Mushahara yako weye, inapitaka ku banki gani?"

Viateur akatafuta kitufe cha kukata, hakukiona. Halafu Honorable akacheka taratibu.

"Huyu papa iko na roho ya kazi. Nani jina yake? Papa Hilaire? Basi, kuanzia leo yeye njo vice-président ya comité."

Watu wakapiga makofi. Nilikuwa bado na maneno makali. Nikajisikia nasema merci, Honorable.

Jumapili, 15 Juni
Nimeletewa T-shirt yenye uso wa Honorable. Nimeivaa kwenda Misa. Baadaye Godelieve ameuliza swali moja tu: banki inafunguliwa siku gani? Nimemweleza kwamba mambo haya yana procédure, utaratibu wake, awe na subira. Amekwenda kulala.

Mimi silali. Hasira inanichoma kuliko wiki nzima. Président amepewa koti, mimi T-shirt. Kesho naanza kumng'oa Viateur.