Mpaka Wangu na Shamba la Rustem

Jumatatu, 8 Novemba 1943, Cairo

Leo nimeipanua Ugiriki. Kwa penseli nyekundu, kwenye ramani yangu, kabla ya kahawa. Mpaka ulikuwa unaishia kijijini kwetu Kalopetra. Sasa umeshuka bondeni na kuzoa shamba la mizabibu la Rustem, yule Mwalbania. Rustem atahamia kwingine. Vita vikiisha wakubwa watatafuta ramani nzuri, nami, diwani wa muhula mzima, nitakuwa nayo.

Foteini, binti wa dada yangu Sevasti, ameuliza tena kama kuna habari za mama yake, aliyebaki Kalopetra. Nikamwambia avumilie. Mipaka kwanza.

Alhamisi, 11 Novemba

Kamati ya Mipaka. Themelis, mtu wa visiwani, aliweka sahani ya maharage juu ya mlima wangu. Makusudi! Eti, "Milima ya mbuzi hiyo nani anaitaka, bwana diwani? Dai visiwa!" Nikamweleza kwamba mlimani pale nilimnyonga dubu kwa mshipi wa suruali. Akasema juzi alikuwa mbwa mwitu. Kamati nzima ikacheka.

Mchana nikampelekea waziri wa serikali yetu, iliyokimbilia hapa Cairo, ramani, na keki juu yake. Mlinzi alirudisha ramani. Keki hapana.

Jumapili, 14 Novemba

Padri amemleta askari aliyetoka huko milimani. Wajerumani wameichoma Kalopetra. Kanisa, shule, nyumba ya baba.

Foteini aliuliza neno moja tu: mama?

Yu hai. Alivuka mpaka kwa miguu, na Rustem akamfungulia mlango. Amempa kitanda chake. Mwenyewe analala zizini.

Nimelia. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumanne, 16 Novemba

Foteini ameniletea kifutio. "Futa, mjomba. Mzee wa watu analala na ng'ombe kwa ajili ya mama, na wewe unamfukuza kwake?"

Nilikishika muda mrefu. Ni kweli, nikawaza. Dada yangu sasa anaishi kule. Kumbe kule ni kwetu! Ushahidi gani tena wanautaka? Rustem nitamruhusu abaki. Kama mgeni.

Nikaanza kufuta. Foteini aliponiona alinibusu kichwani, akaenda kanisani kumwashia mama yake mshumaa.

Kifutio kizuri sana. Mstari wa zamani hauonekani kabisa. Mpya nimeupitisha mlima mmoja mbele.