Tembo la Mnanaha na Redio ya Mzungu

Jumatatu, 6 Agosti 1973
Jumapili napeleka posa kwa kina Mbodze. Nampenda hadi chakula hakipiti! Lakini Thoya, yule muuza madafu, naye anamnyemelea, na Mzee Mwero, babake Mbodze, humchekea. Lazima nimzime kwa zawadi itakayompendeza mzee. Redio! Pale Galu kuna kijana wa Kizungu, nywele hadi mabegani, miguu mitupu. Atampa redio yake atakayemletea dawa ya kuona maono. Maono? Mmea wa mnanaha umejaa jalalani kwetu! Mama hutukataza hata kuugusa. Basi una nguvu.

Jumatano, 8 Agosti
Nimeuchemsha, nikachanganya na tembo la mnazi, nikampelekea. Akakataa! Eti Thoya amemfundisha desturi yetu: mleta tembo huonja kwanza, kuondoa uchawi. Thoya mwanaharamu! Ningekataa angeshuku kuna sumu. Nikapiga funda. Akasema dogo hilo. Nikapiga jingine.

Ijumaa, 10 Agosti
Bado niko hai, kwa bahati mbaya. Koo kavu, macho hayasomi hata ninachoandika, mkojo umegoma. Maono gani? Nge tu, ukuta mzima! Mama analia. Anasema nilikamatwa kule kijiji cha Mwabungo nikikimbia uchi, kisha nikampigia magoti mbuzi wake, nikamwamkia shikamoo, nikamwomba binti yake. Tabibu wa zahanati amesema kidogo tu nife. Mzungu hakuonja hata tone. Ameondoka na redio yake.

Jumapili, 12 Agosti
Nimepeleka posa hivyo hivyo. Tembo safi, haki ya Mungu, safi! Nikaonja mbele ya wazee. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mzee Mwero akasema, kwa upole, kwamba mtu aliyejinywesha sumu mwenyewe, kuonja kwake si dhamana tena. Mbodze akatazama chini. Kisha Thoya akaleta lake, akaonja, wote wakanywa. Nimerudi na kibuyu kimejaa. Nimelia njia nzima.

Jumanne, 14 Agosti
Sili. Sitaki kuona mtu. Wamemkubali Thoya. Ole wangu, Mbodze!

Jioni. Nimefikiri. Kosa lilikuwa tembo. Kuna Mzungu mwingine Diani, ana kamera, na huyu anataka uyoga unaoota kwenye mavi ya ng'ombe. Uyoga hauna desturi ya kuonjwa! Mzee Mwero akiiona kamera atageuza nia. Nimekula kidogo tu, kuhakikisha ndio wenyewe.

Mbuzi wa mama amekuja sasa hivi. Anasema posa imekubaliwa.