Bunduki Nisiyotaka Kuichagua

Jumamosi, 4 Januari

Halwa imekauka tena. Nilinunua bakuli zima kwa ajili ya wageni wa Ijumaa. Wageni hawakuja. Nimeila mwenyewe kwa kijiko, nimesimama jikoni. Mtu mzima mimi! Khawla, mke wangu, alipofariki, nyumba ilijaa watu hadi ngazini. Halafu wakapungua. Halafu wakaacha. Siwalaumu. (Nawalaumu sana.)

Leo baada ya Asiri nimemkuta Ishaq mlangoni mwa msikiti. Jirani yangu hapa Wattaya, rafiki yangu toka ujana. Nikamuuliza amepotelea wapi. Akasema siku hizi kila Ijumaa asubuhi anakwenda na wenzake kupiga shabaha. Bunduki ndogo, ya namba ishirini na mbili. Risasi zake rahisi, haipigi teke begani, hata mzee anaiweza. Mzee! Ananizidi mimi kwa miaka.

Sijui nini kilinipata. Mimi ambaye kitu kirefu kuliko vyote nilichowahi kushika ni bakora ya kuendea arusini, nikamwambia na mimi nataka kununua bunduki kama hiyo, ila sijui nichague ipi.

Uso wake ukang'aa. Akasema nisinunue kitu mpaka tuzungumze. Atakuja kwangu baada ya Magharibi.

Na kaja! Na Hamdan pia, kijana anayeuza magari hapa chini, anayeniita ami na kunifahamisha mambo nisiyomuuliza. Wamekaa mpaka dele la kahawa likaisha. Nalala nikitabasamu.

Jumatatu, 6 Januari

Wamerudi. Wamemleta na Musallam, mwanajeshi mstaafu, mtu wa maneno machache na tende nyingi.

Ishaq anasema mwanafunzi achukue ile ya kuvuta kwa mkono kila risasi, bila darubini, ajifunze kulenga kwa macho yake. Hamdan anasema hayo mambo ya zamani, ami achukue inayojipakia yenyewe, yenye darubini, maisha mafupi. Musallam akatafuna tende yake yote kabla ya kusema. Akasema bunduki unainunua mara moja, risasi kila wiki. Kwa hivyo kwanza niulize dukani risasi gani za bei nafuu zinapatikana siku zote, kisha nitafute bunduki inayozipenda.

Hamdan akakiri kwamba inayojipakia huwa na nongwa kwa risasi za bei rahisi. Ishaq akatikisa kichwa. Nikaona hatari inakuja. Walikuwa wanakubaliana!

Nikawahi kuuliza, je, kitako cha bunduki kiwe cha mbao au cha plastiki?

Alhamdulillahi. Moto ukawaka upya.

Jambo la pili, na hili ni la akili. Kwetu mgeni hufukizwa udi mwisho kabisa. Chetezo kikipita, kila mtu anajifukiza kanzu yake, anasema fi amanillah, anaondoka. Kabla ya udi, mtu mwenye adabu zake haondoki, wala haulizi. Basi nimekificha chetezo ndani ya oveni. Wamekaa! Hamdan alipiga miayo akiwa ameelekeza macho mlango wa jikoni. Musallam alitikisa finjani kuonesha kahawa imemtosha, nikamjazia kama sikuona. Nina kipaji ambacho serikali haikukitumia ipasavyo miaka yote ile niliyokuwa ofisini.

Alhamisi, 9 Januari

Wamekaribia tena kukubaliana. Ishaq kaja na utepe wa fundi cherehani, kanipima mkono, kasema nitafute kitako kifupi kidogo, basi, mambo yamekwisha, twende dukani. Mbao, plastiki, vyote sawa. Wote wakaitikia.

Nikasema mimi natumia mkono wa kushoto.

Imenitoka tu. Halafu, furaha gani hii! Maana bunduki nyingi za kuvuta zimetengenezwa kwa watu wa kulia. Hamdan akasema ya kushoto itabidi iagizwe. Musallam akasema wapo wa kushoto wanaotumia ya kulia na wanalenga vizuri tu. Wakabishana mpaka halwa ikaisha. Mimi nikawa namimina kahawa, dele mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia, kama kila mtu anavyomimina, kwa hivyo hakuna aliyejua lolote. Ishaq tu alinitazama kwa muda mrefu. Nikamtazama na mimi.

Ijumaa, 10 Januari

Wamekwenda kwenye shabaha. Wameniambia twende, klabu inawaazima wageni bunduki, nijaribu mbili tatu ndipo nichague. Ushauri mzuri kabisa. Ndiyo maana nimeukataa. Nikijaribu nitapenda moja, nikipenda moja nitaichagua, nikichagua watakuja kufanya nini kwangu? Nikasema mgongo unaniuma.

Nimekaa dirishani. Chini, magari mapya yanaoshwa ingawa hakuna aliyeyapanda. Mchana nimepika wali mwingi kama zamani, nikafunika sahani ya pili. Kisha nikaifunua, nikala hiyo pia. Nyumba ikiwa kimya hivi, friji linasikika mpaka chumbani. Nina upweke. Nimeandika, basi, tuendelee.

Jumatatu, 13 Januari

Janga!

Dada yangu Masouda kaja kutoka Mawaleh bila ya taarifa, na kasha la machungwa. Kawakuta wageni, kafurahi, kaingia jikoni kutengeneza chakula. Mimi huku nasikiliza Musallam akieleza namna upepo unavyoisukuma risasi ndogo. Ilikuwa starehe. Nikasikia mlango wa oveni.

Dakika chache, Masouda huyo, chetezo cha Khawla mkononi, moshi wa udi unapanda. Musallam alikuwa katikati ya neno. Akalimeza. Wakainuka wote pamoja kama walioitwa kwa kengele. Hamdan alijifukiza huku anavaa viatu!

Nikamgombeza Masouda. Yeye akanigombeza zaidi. Kumbe mke wa Musallam amempigia simu kumwuliza hali yangu. Mtaa mzima unasema Yaqdhan kafilisika, hana hata kipande cha udi cha kuwafukiza wageni, masikini, na bado anawapa halwa.

"Watu wanakuonea huruma, ndugu yangu," kasema. "Na mimi nnaona haya."

Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa nawazuia wasiondoke. Akanimenyea chungwa, akanipa moja moja vipande vyake, kama nilipokuwa mdogo na homa. Akasema niende na mimi huko wanakokwenda Ijumaa. Wanawake hawafahamu mipango.

Alhamisi, 16 Januari

Wamekuja, na kila mmoja kaleta udi. Udi! Musallam kaleta kikopo kizuri, kakiweka nyuma ya mto ili nisione haya. Hamdan kaleta uturi juu yake. Ishaq, huyu sitamsamehe, kaniletea chetezo cha umeme. Hakihitaji makaa. Akakichomeka ukutani mwenyewe kunionesha kinavyofanya kazi. Kikatoa moshi papo hapo. Wakaondoka kahawa ikiwa bado ya moto.

Nilikuwa na swali jipya kabisa juu ya mkanda wa bunduki. Halikuulizwa.

Jumamosi, 18 Januari

Karatasi za ruhusa ya kununua bunduki, nilizoziomba ili wasinishuku, zimetoka. Nilizitegemea zichelewe miezi. Siku hizi hakuna tena mtu wa kumtegemea.

Ishaq kanichukua kwa gari mpaka dukani. Pale ukutani ilikuwapo moja ya kuvuta kwa mkono, kitako cha mbao, nyepesi, ya kulia. Mwenye duka kasema inakula risasi za rahisi bila kulalamika, na waanzaji wengi wanaridhika nayo. Ishaq kasema ndiyo hii. Nikakumbusha habari ya mkono wangu wa kushoto.

Ishaq akageuka, mbele ya mwenye duka. "Yaqdhan, tumecheza keram toka ujana. Mkono unaopigia kete nnaujua."

Nikanyoosha mkono wa kulia. Nikaishika. Nikaiweka begani, nikafumba jicho moja. Ilikaa vizuri mno. Nilijisikia kijana, nikajisikia vibaya kwa sababu ya kujisikia vizuri. Nimeinunua. Tumeipeleka moja kwa moja klabuni, inakaa huko katika kabati lao la chuma. Ishaq kanipiga bega, kasema sasa bado kazi ya kupiga tu.

Jumatano, 22 Januari

Jumapili hakuja mtu. Jumatatu hakuja mtu. Jana nilikohoa kwa nguvu ngazini Hamdan alipokuwa anapita. Akanisalimu, akauliza bunduki haijambo, akaenda zake. Hakuna tena cha kujadili. Nimekula halwa kwa kijiko.

Nimefikiri sana leo. Nimegundua kosa langu liko wapi. Nilichagua kitu kidogo mno! Bunduki ina mambo machache, mtutu, kitako, basi. Ilitakiwa kitu ambacho wanaume hawawezi kukubaliana mpaka Kiyama.

Alhamisi, 23 Januari

Nimetangaza msikitini, baada ya Adhuhuri, kwamba nataka kubadilisha gari na sijui nichague lipi.

Hamdan alinishika mkono papo hapo. Musallam alisema usinunue kitu mpaka tuzungumze. Ishaq alicheka tu peke yake. Nimenunua halwa bakuli kubwa.

Ijumaa, 24 Januari

Asubuhi honi chini ya dirisha. Gari la Ishaq. Akanipigia simu, akasema nishuke, bunduki yangu inaona baridi kabatini, wameniwekea nafasi. Wakitoka kwenye shabaha wanakwenda Sidab kwa dada yake, kuna samaki wa kuchoma na mikate ya ufuta, watakaa mpaka Asiri. Akasema hakuna atakayenicheka nikikosa. Kisha akasema atacheka kidogo.

Nikamwambia ningependa sana, wallahi, lakini leo siwezi kutoka. Nangojea wageni. Wanakuja kunishauri juu ya gari.

Ishaq akazima gari. Akauliza wageni gani.

Nikachungulia dirishani. Hamdan alikuwa kiti cha mbele, Musallam nyuma na mfuko wa tende, na kando yake pahali patupu. Wote wawili wakanipungia mkono. Nikawapungia. Nikasema, wageni tu, watakuja, wamesema. Ishaq akangoja kidogo, kisha akawasha gari.

Si neno. Watakuja. Vikombe viko tayari, dele limejaa. Chetezo cha Khawla nimekirudisha ndani ya oveni, na kile cha umeme nimekitia katika mashine ya kufulia, chini ya mashuka. Safari hii hata Masouda hatakiona.