Macho ya Kuku, ya Bundi na Yangu

Amani, Unguja

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mashindano ya Mitaa, Mzee Abdulrazak,

Natumai u mzima na sukari imeshuka. Mimi si mzima. Baada ya miaka ishirini na miwili ya kushika kibendera pembeni mwa uwanja, mmeninyang'anya kwa barua ya mistari miwili: "Macho yako hayafai." Ati kwa kuwa Ijumaa nilikataa bao nikidai mchezaji ameotea, kumbe niliyemwona ni mbuzi wa Bi Radhiya. Nimeumia sana, wala sioni haya kusema. Lakini mbuzi yule alikuwa ameotea kweli, na hakuna aliyebisha.

Mwanangu Khairat, anayesomea ualimu, amenisomea kitabu chake cha ndege. Nimegundua naonewa:

1. Kuku ana macho ubavuni. Akitaka kuitazama punje huinamisha kichwa, akatumia jicho moja. Nikifanya hivyo mimi, uwanja mzima hucheka.

2. Macho ya bundi hayazunguki. Yamebanwa na pete ya mfupa, basi hugeuza shingo. Shingo yangu haigeuki kulia tangu nianguke kwenye ngazi za Michenzani. Kosa ni la shingo, nanyi mmeadhibu macho.

3. Njiwa hutikisa kichwa kila hatua ili aone sawasawa. Aliyeandika kwenye ripoti ya mechi kwamba nilikuwa nasinzia hana elimu hii.

4. Na hata kama nilisinzia, bata hulala jicho moja wazi, nusu ya ubongo iko kazini. Basi nipunguzieni nusu ya adhabu, nishike kipindi cha pili.

5. Mwewe ana kope la tatu, linalopitisha mwanga na kuzuia vumbi. Uwanja wetu ni vumbi tupu, na kamati haijawahi kunipa hata kope moja.

Kwa hiyo naomba kibendera changu kirudi kabla ya fainali, mpira uchezwe upande wangu wa kushoto tu, na mbuzi apewe kadi ya manjano. Mkikataa, fukuzeni na kuku wote wa shehia, maana hawanizidi kitu. Mke wangu Shemsa ameshachoka nami: nashinda barazani nikiwainulia wapita njia kitambaa cha meza.

Wasalimie wajumbe, mkeo Bi Riyama na wajukuu.

Wako aliyeonewa,
Ubwa Masoud

Tanbihi: Jana nimeileta barua hii ofisini mwenyewe, nikarudi nayo kwa hasira. Nimekuamkia "Shikamoo, mzee" mara tatu, nawe umesimama pembeni na kanzu yako nyeupe, unanguruma tu, hata marahaba hukuitikia. Karani wako Khamisa anasema lile lilikuwa friji. Ikiwa ni kweli, basi niliyemtundikia mwavuli wangu nikidhani ni nguzo ndiye wewe. Niwie radhi, na mwavuli nauomba.