Dawati Pepe la Siagi

Siagi hakuwa na kesi wala wakili. Alikaa kwenye benchi la ofisi ile ya mawakili kwa sababu maji yake yalikuwa baridi na ya bure. Nyumbani kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, alikokuwa akiishi, siku hizi hata maji yalimiminwa pamoja na masimango. Glasi ilikuwa mdomoni alipomsikia Wakili Mkuu, mama mnene wa sauti na mwembamba wa subira, akifoka.

"Kompyuta imeibwa garini! Siri zote za mteja zimo mle! Nikamwambie nini mimi?"

Mawakili wenzake wakaanza kupekua mabegi yao wenyewe. Watu wazima, wenye majoho. Siagi akajifuta mdomo, akasimama akiwa tayari mtaalamu.

"Pole sana, mheshimiwa. Kumbe siri za wateja bado mnazibeba kwenye begi kama vitunguu?"

"Wewe nani?"

"Mtu wa dawati pepe, mama. Mezani panabaki skrini na kibodi tu. Kazi yenyewe inakaa kwenye mashine moja kubwa, mbali, imefungiwa. Mwizi akiiba skrini, kaiba kioo. Wewe ukiwa nyumbani unafungua kazi yako ileile. Na fundi wenu anarekebisha mahali pamoja, zinapona zote. Hatambai tena chini ya meza za watu."

Msomaji asishangae: yote yalikuwa kweli. Siagi aliyasikia kwenye semina moja aliyoingia kwa ajili ya chakula cha mchana.

"Na kompyuta za zamani?" akauliza Wakili Mkuu.

"Hizo ni hatari tupu. Nitazibeba bure, nikaziteketeze mwenyewe."

Neno "bure" likafanya kazi ambayo akili ilishindwa kuifanya. Mama akakubali palepale.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mashine kubwa aliiomba kwa kampuni moja inayotoa mwezi wa majaribio bila malipo. Skrini na kibodi alizifuata kwenye duka la shemeji, muuza vifaa vilivyotumika. Kompyuta za mawakili zingeuzwa, wagawane nusu kwa nusu. Kabla mwezi haujaisha angezichukua skrini kwa kisingizio cha matengenezo, kisha wamtafute.

"Skrini zangu zisiporudi," shemeji akasema, "dada yangu atabaki hapa. Wewe utajua pa kulala."

"Shemeji, hujaniamini tu?"

"Nakuamini. Ndiyo maana nakuambia mapema."

Siagi alichohofia ni mkuu wa kompyuta pale ofisini, aliyeitwa Kiyoyozi kwa kuwa alishinda kwenye chumba chenye baridi na kuongea kama aliyegandishwa. Akajiandaa kwa maswali. Badala yake, akakumbatiwa.

"Kaka, ulichelewa wapi? Magoti yangu yameisha kwa kutambaa! Ila niachie hizo kuukuu mwisho wa wiki, nizifute vumbi. Si vizuri kumpa mtu vitu vichafu."

Siagi akacheka kimoyomoyo. Anaibiwa, na bado anasafisha! Ofisi nzima ya wasomi, wa kumtambua mwizi hayupo.

Jumatatu skrini zikawa mezani, kazi ikawaka, mawakili wakashangilia kama watoto waliopewa puto. Lakini ofisi ile ilikuwa na desturi yake: hakuna kitu kinachotoka mlangoni bila anayekichukua kuapa. Wengine huaga kwa mkono, wao huaga kwa kiapo. Siagi akasimamishwa mbele ya mashahidi wawili, akainua mkono, akaapa kwamba amepokea kompyuta zote zikiwa nzima, pamoja na diski zake na siri zilizomo. Hakufungua hata moja. Aliapa kwa sauti tamu mpaka karani wa mapokezi akajifuta machozi.

Kwenye stoo ya shemeji, wakafungua ya kwanza. Shemeji akaigonga.

"Mbona inaitikia kama debe?"

Wakafungua ya pili, ya tatu, zote. Maganda matupu, safi, hayana hata punje ya vumbi.

Simu ikalia. Wakili Mkuu.

"Kesho asubuhi nakuja na mashahidi wangu kuona diski zikiharibiwa. Ikikosekana moja, umeiba siri za wateja. Na yule mwenye gari lililobeba, namba yake ninayo."

Shemeji, mwenye gari, akaketi juu ya ganda mojawapo.

Siagi akampigia Kiyoyozi. "Ndugu yangu, diski ziko wapi?"

"Zipo, kaka. Zimetulia kwenye baridi."

"Na vile vipuri vingine vya ndani?"

"Vipuri gani hivyo? Sikiliza. Mama kalipenda dawati pepe, na mimi nimeshaelewana na wenye mashine kubwa tuendelee nayo baada ya majaribio. Kilichokuwa kinaninyima raha ni skrini tu. Tuachie ziwe zetu kabisa, nawe diski utazikuta kwako kabla mama hajafika."

Siagi akamgeukia shemeji. Shemeji alikuwa amesikia kila neno.

"Wape," akasema polepole. "Kisha ukafungashe."

Asubuhi diski zikapondwa moja baada ya nyingine, mashahidi wakitikisa vichwa kwa heshima. Wakili Mkuu akamshika Siagi bega. Siri zilizobaki zilikuwa salama, fundi hatambai, na yeye mwenyewe alikuwa amefanya kazi ile asubuhi akiwa kitandani.

"Wataalamu wote hutuahidi mbingu, kijana. Wewe umetimiza neno kwa neno. Nimewapigia wenzangu wa ofisi ya mtaa wa pili. Nao wanakutaka, leo hii."

Siagi akatazama lile rundo la maganda, akatazama begi lake ambalo shemeji alishaliweka nje ya geti, akaanza kurudi kinyumenyume. Uaminifu wa mara moja ulikuwa umemfukuzisha nyumbani. Wa pili ungemuua.